Guyana: mafuta kibao, ila jirani anadai zaidi ya theluthi mbili ya nchi

Guyana ipo kaskazini mwa Amerika Kusini, kati ya Venezuela, Brazil na Suriname. Ilitawaliwa na Uingereza hadi 1966, na ndiyo nchi pekee huru ya bara hilo ambayo lugha yake rasmi ni Kiingereza. Watu wake hawafiki milioni moja, na wengi wanaishi pwani, kwenye ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari.

Kwa miaka mingi ilitegemea sukari, mchele, boksiti na dhahabu. Mwaka 2015 ExxonMobil ikagundua mafuta baharini. Uzalishaji ulianza Desemba 2019, na mwaka 2022 uchumi ukakua kwa zaidi ya asilimia 60.

Nani anakula nini?

Kelele zipo hapa. Kwa mkataba wa 2016, kampuni zinaweza kuchukua hadi asilimia 75 ya mafuta kufidia gharama. Kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu na serikali, ambayo inapata pia mrabaha wa asilimia 2.

Piga hesabu: katika mapipa 100, serikali inaweza kuambulia 14 na nusu tu. Gharama zikishalipwa mgao utapanda, lakini kila kisima kipya kinakuja na gharama zake.

Kesi ya Essequibo

Venezuela nayo inadai Essequibo, eneo la magharibi lenye kilomita za mraba kama 160,000. Mpaka uliamuliwa na wasuluhishi mjini Paris mwaka 1899. Mwaka 1962 Venezuela ilisema uamuzi ule haukuwa halali. Guyana ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2018, lakini Desemba 2023 serikali ya Maduro ikaitisha kura ya maoni kuhusu kulichukua eneo hilo.

Karatasi mbili

Hapa Guyana imebanwa. Inaitaka dunia iheshimu karatasi ya 1899. Sasa itachanaje ile ya 2016, hata kama wananchi wengi wanaona wamepunjwa? Serikali imeshasema mkataba ni mkataba. Tena kwa nchi yenye jeshi dogo, kuwa na kampuni kubwa ya Kimarekani baharini ni ulinzi wa aina yake.

Kwa maneno mengine, Guyana haiuzi mafuta tu. Sehemu ya bei inalipia usalama.