Shule tunayoikimbia ni yetu wenyewe

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua watu wanaionaje shule ya sekondari ya kwao, usianzie ofisini kwa mwalimu mkuu. Nenda sokoni siku ya soko, panda matatu ya alfajiri, au keti kwa kinyozi ukisubiri zamu yako. Taja tu jina la shule kisha unyamaze. Maoni utakayoyapata yatajaa gunia, na mengi yatakuwa machungu.

Leo natualika tuyasikilize maoni hayo katika pembe mbili za kaunti moja, Kajiado. Pembe ya kwanza ni Rombo, kule chini ya Mlima Kilimanjaro, mpakani kabisa na Tanzania, ambako hata wilaya iliyo ng'ambo ya pili inaitwa Rombo. Pembe ya pili ni Kitengela, mji uliofura kandokando ya barabara ya Namanga kwa sababu ya viwanda vya Athi River na wafanyakazi wanaokimbilia Nairobi kila kukicha. Huku ni ng'ombe, nyanya na vitunguu. Kule ni nyumba za kupanga na foleni za magari. Lakini mada ikiwa ni shule ya umma ya hapo karibu, wazazi wa pembe zote mbili huimba wimbo mmoja: “Shule yetu haifai.”

Tuanze na Rombo. Wapo wazee wasemao kwamba shule imewaharibia vijana, kwamba kijana humaliza kidato cha nne akirudi bila cheti cha maana na bila hamu ya kuchunga. Wapo akina mama wanaosema kinyume: afadhali shule yoyote kuliko binti kuozwa mapema, maana tangu sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji, shule imekuwa mojawapo ya ngao anazoshika msichana. Wapo walimu wanaonung'unika kwamba ukame ukibisha hodi, kama ule wa 2021 na 2022 uliomaliza mifugo mingi, karo hukauka pamoja na mabwawa. Na wapo wanafunzi wanaokwambia kwa sauti ya chini kwamba hawawezi kubaki shuleni kudurusu hadi jioni, kwa sababu njia ya kurudi nyumbani hupitiwa pia na ndovu.

Kitengela nako malalamiko hayakosi. Madarasa yamejaa hadi pomoni. Mwalimu mmoja ana madaftari mengi kuliko saa za kuyasahihisha. Mzazi huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku, basi hajui kama mwanawe alifika darasani au alishinda kwenye duka la michezo ya kompyuta. Tena mji wenyewe umekua haraka mno. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Watu huongezeka kwa lori, madarasa huongezeka kwa toroli.

Sasa msomaji, huenda unasema, “Basi wazazi wana haki ya kulalamika!” Wanayo. Lakini ngoja kwanza tuulize swali moja: shule hii tunaihukumu kwa kipimo gani?

Kipimo cha wengi wetu ni alama ya wastani ya KCSE. Serikali ilipiga marufuku kuorodhesha shule kwa nafasi mwaka 2014, lakini kila matokeo yanapotangazwa tunajitengenezea orodha yetu vinywani. Shule iliyopata B ni nzuri, iliyopata D ni mbaya, kwisha maneno. Hatuulizi wanafunzi hao waliingia wakiwa na nini.

Hebu tuchukue mfano. Mtoto mmoja aliingia kidato cha kwanza na alama 390 za KCPE kati ya 500, akatoka na B- ambayo ni pointi 8. Mwingine aliingia na alama 180, akatoka na C ambayo ni pointi 6. Ni mwalimu yupi aliyefanya kazi kubwa zaidi? Mimi ningempa mkono yule wa pili. Lakini gazetini na sokoni, wa kwanza ndiye anayebebwa juu juu.

Na hapa ndipo penye kidonda. Barua ya kuitwa Olkejuado, au Moi Girls Isinya, au shule ya kitaifa huko mbali ikifika, boma zima hufurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini kila mwaka tukiwaondoa walio mbele darasani tukawapeleka mbali, halafu tukaigeukia shule ya kutwa iliyobaki na waliosalia tukaiuliza mbona haipati A, je, huo si uonevu? Ni sawa na mtu anayeengua maziwa yake, akauza siagi mjini, kisha akayalaumu yaliyobaki kibuyuni kwa kukosa mafuta.

Sisemi usimpeleke mwanao mbali. Kila mzazi anajua uwezo wake na roho ya mtoto wake. Ninachosema ni kwamba shule ya karibu haikuzaliwa mbaya, na haitakuwa nzuri kwa kutukanwa.

Nakiri kwamba jambo hili linanigusa. Mimi mwenyewe nilisomea shule ya kutwa iliyokuwa na hadubini moja kwa darasa zima. Ukiisubiri zamu yako, kengele inalia. Marehemu baba alikuwa akiiita shule hiyo “kituo cha kupitishia wakati”. Lakini kwa miaka yote minne alikanyaga pale mara mbili tu: siku ya kunisajili, na siku niliporudishwa nyumbani kwa sababu ya karo akaja kubembeleza. Mikutano ya wazazi ilipita. Hadubini ya pili haikuja, wala hapakuwa na mzazi aliyesimama kuiulizia. Nilipofaulu kwa taabu, baba alisema ni bidii yangu. Hakumtaja mwalimu wa Biolojia aliyekuwa akibaki nasi Jumamosi bila malipo. Nampenda baba yangu, lakini katika hilo alikosea, na nahofia kwamba wengi wetu tunakosea vivyo hivyo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haikumwacha mzazi nje ya lango. Inasema kila shule ya umma iwe na Bodi ya Usimamizi, na ndani yake watu sita wachaguliwe kuwawakilisha wazazi au jamii. Inasema pia pawe na chama cha wazazi, ambacho kila mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, na ambacho huwa na mkutano mkuu wa mwaka. Viti hivyo havikai vitupu. Usipoketi wewe, ataketi mwenye maslahi yake, labda yule anayewinda zabuni ya kuni na maharagwe.

Kisha kuna suala la fedha. Tangu 2008 serikali hulipia masomo katika shule za sekondari za kutwa, na kuanzia 2018 kiwango kilichowekwa ni Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakuu wa shule wamelalamika mara kwa mara kwamba fedha hizo huchelewa na huja pungufu. Mzazi aliyeambiwa “elimu ni bure” akiombwa pesa za chakula cha mchana hudhani anaibiwa. Wakati mwingine kweli anaibiwa. Wakati mwingine ni pengo la serikali linazibwa. Hawezi kujua kama hajaomba kuonyeshwa hesabu.

Ya nini kuyasema haya leo? Kwa sababu mambo yanabadilika mbele ya macho yetu. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na KCSE ya mwisho imepangwa kuwa 2027. Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari pevu mwaka 2026, chini ya mtaala wa umilisi wenye mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Si kila shule inayo mikondo yote mitatu. Mtoto wa Rombo mwenye kipawa cha sayansi akikuta maabara ya jirani ni chumba chenye meza tupu, ama atakwenda mbali kwa gharama kubwa, ama kipawa chake kitaishia hapo hapo. Huyo si mtoto wa mwalimu mkuu. Ni wako na wangu.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuitupia shule ya kwenu jiwe jingine, nenda ukaulize maswali haya. Wanafunzi waliingia na alama gani na wakatoka na gani? Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu ni wangapi, na wanaolipwa na bodi ni wangapi? Maabara inatumika mara ngapi kwa juma? Wasichana wangapi walioanza hawakumaliza, na ni nani aliyekwenda kuwatafuta? Ukipata majibu mabaya, basi piga kelele, lakini uzipige katika mkutano wa wazazi na mbele ya bodi, mahali ambapo zitaandikwa kwenye kumbukumbu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hatuwezi kuipa shule mkono mtupu, kiti kitupu na neno chungu, kisha tungoje iturudishie daktari na mhandisi.

Nawe je, mara ya mwisho kuingia katika shule ya sekondari ya kwenu ilikuwa lini? Kama ni siku ya kupiga kura, basi tuna kazi. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wiki ya amani wewe na jamaa yako.