Fikira Zisizo za Kweli juu ya Kazi ya Mwanablogu

Wanafunzi wenzangu, na ninyi ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, nataka kusema machache juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi mabwenini mwetu, nalo ni kazi ya kuandika blogu. Sisi wa darasa la mwisho tunakaribia kutoka, na kila mmoja wetu huulizwa atafanya nini baada ya mtihani. Wako wanaojibu, "Nitafungua blogu, nami nitatajirika." Wako na wengine, wenye maneno ya maana vichwani mwao, ambao husema, "Mimi siwezi, hiyo si kazi ya watu kama mimi." Naona ya kuwa hawa wote wamedanganywa na fikira zisizo za kweli. Tena ubaya wa fikira hizo ni huu: huwaita wasio na la kusema, na huwafukuza walio nalo.

Kwanza tufahamu blogu ni kitu gani. Ni kurasa za mtu mmoja, au za watu wachache, katika intaneti, ambamo huandika habari na mawazo yao kwa tarehe, na maandiko mapya hukaa juu ya yale ya zamani. Mwaka 1999 ilitokea huduma iitwayo Blogger, ambayo ilimwezesha mtu asiyejua ufundi wa kompyuta kuandika na kuyatoa maneno yake mbele ya dunia bila kulipa. Tofauti kubwa kati ya blogu na gazeti ni kwamba katika blogu hakuna mhariri anayesimama kati ya mwandishi na msomaji. Hapo ndipo penye uzuri wake, na hapo ndipo penye hatari yake.

Fikira ya kwanza ni kwamba blogu huleta fedha upesi. Ni kweli kwamba wako wanaopata riziki kwa kazi hii, lakini tutazame njia yenyewe. Kampuni ya Google huweka matangazo ya biashara katika kurasa za watu, na mwenye ukurasa hupewa fungu lake. Fungu linaloletwa na msomaji mmoja ni dogo mno, na mwandishi halipwi mpaka hesabu yake itimie dola 100. Basi mtu mwenye wasomaji ishirini, nao ni jamaa zake, atangoja sana! Hapa kwetu Uganda hata mtoto ajua ya kuwa mche wa kahawa hukaa kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, wala hakuna mkulima anayeung'oa mwezi wa pili kwa kuwa haujampa kitu. Tena watu husema, "Mbona Michuzi wa Tanzania alifaulu?" Ni kweli, Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005, ikapendwa na watu wengi sana. Lakini hakujifunza kupiga picha mwaka ule. Alikuwa mpiga picha wa magazeti tangu zamani, na blogu ilimkuta na kazi yake mkononi. Blogu ni kapu tu, na kapu halimpi mtu mavuno.

Fikira ya pili ni kwamba kazi hii haina gharama. Kufungua blogu ni bure, lakini kuiandikia na kuisoma kunahitaji umeme, simu au kompyuta, na fedha za intaneti. Tena wasomaji wengi huja kwa njia ya Facebook na WhatsApp. Kwetu, tangu Julai 2018, mtu alitakiwa kulipa shilingi 200 kila siku kabla ya kutumia mitandao ya namna hiyo. Kodi ile iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya fedha za intaneti. Kwa jirani zetu wa Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni, na ada zake zilifika kiasi cha shilingi za huko milioni mbili na laki moja. Sisemi haya ili kumvunja mtu moyo. Nasema ili apige hesabu na kuuliza sheria ya nchi yake kabla ya kuanza, kama afanyavyo mtu anayetaka kufungua duka.

Fikira ya tatu, nayo naiona kuwa mbaya kuliko zote, ni kwamba mwanablogu lazima awe bingwa wa Kiingereza, mkazi wa mji mkuu, mwenye shahada. Hasha! Mtanzania Ndesanjo Macha aliandika blogu kwa Kiswahili, jina lake Jikomboe, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, akawavuta na wengine waandike kwa lugha yao. Darasani mwetu yuko kijana aliyezaliwa karibu na Ziwa Kyoga. Baba yake ni mvuvi. Kijana huyu ana daftari lililojaa majina ya samaki na ya pepo za ziwani, na namna wazee wanavyojua kwamba dhoruba inakuja. Nimelisoma daftari lile nikajifunza mambo ambayo sikuyaona katika kitabu cho chote cha maktaba yetu. Lakini mwenyewe husema, "Nani atasoma mambo ya wavuvi, tena kwa Kiswahili changu hiki?" Namjibu hapa mbele ya wote: mimi nitasoma, na si mimi peke yangu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la nchi yetu lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wasomaji wanakuja. Je, watakuta maneno ya wavuvi, au watakuta kurasa za mizaha tu?

Fikira ya nne ni ya baadhi ya wazee wetu, nao wataniwia radhi. Hudhani ya kuwa maandishi ya intaneti si maandishi ya kweli. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina wa Kenya alipata Tuzo ya Caine, tuzo kubwa ya hadithi za Kiafrika, kwa hadithi iliyotoka kwanza katika jarida la intaneti. Na Januari 2008, nchi ile ilipokuwa katika msiba wa fujo zilizofuata uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliomba katika blogu yake mafundi wasaidie kuonyesha katika ramani mahali palipotokea maovu. Kwa ombi lile ilizaliwa Ushahidi, ambayo baadaye ilitumika katika nchi nyingine nyingi. Maneno machache ya mtu mmoja, yaliyosemwa kwa wakati wake, yalifanya kazi kubwa.

Fikira ya mwisho ni kwamba, kwa kuwa mhariri hayupo, mtu aweza kuandika lo lote. Muhula mmoja ukurasa mmoja wa upande wa kwetu ulitangaza kwamba shule za wilaya zitafungwa wiki moja mapema. Wazazi wengine walikopa nauli wakaja na mizigo yao, wakawakuta watoto wamo madarasani. Aliyeandika alifuta maneno yake jioni ile ile, lakini watu walikuwa wamekwisha kuyanakili na kuyapeleka mbali. Nani aliwarudishia wazazi nauli yao? Mahali pasipo mhariri, mwandishi mwenyewe sharti awe mhariri, tena mkali kuliko yule wa gazeti. Aulize habari kwa watu wawili au watatu, asiibe maandishi ya mwenzake, na jina la mtu alishike kama ashikavyo yai.

Basi, wenzangu, shauri langu ni hili. Hapa shuleni hatuna ruhusa ya simu, na hilo si kizuizi. Chukua daftari, uandike makala kumi juu ya jambo unalolijua kweli. Mpe rafiki asiyeogopa kukukosoa. Ukifika ya kumi nawe bado una la kusema, fungua blogu utakapotoka. Ukiishiwa katika ya tatu, shukuru kwa kuwa umejua mapema, ukashike kazi nyingine.

Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, mlio waganga, walimu, wakulima na mafundi, msituachie sisi vijana kazi hii peke yetu. Mnayoyajua hayamo katika vitabu vyetu. Yaandikeni, nasi tutayasoma.

Mwanafunzi, S.6