Gurudumu Likikata Kona, Macho Hudanganyika

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii naikumbuka kila mjadala wa magari unapozuka hapa shuleni. Picha hupita kutoka mkono hadi mkono: gari limeinama chini, magurudumu ya mbele yamekatwa kona, rimu zinametameta. "Cheki tairi hilo!" mmoja atasema, na wengine wote wataitikia. Maoni yangu ni kwamba picha ya namna hiyo haimwonyeshi mtu tairi. Inamwonyesha vile usukani umezungushwa, basi. Na kwa sisi wa Leparua, kutojua tofauti hiyo kunaweza kutugharimu pesa, hata uhai.

Hebu tuanze na tairi lenyewe. Tairi lina uso, yaani sehemu inayokanyaga barabara. Lina pia ubavu, yaani mpira ulio kati ya uso huo na rimu. Matairi ambayo vijana huyaita lo-profaili ni yale yenye ubavu mfupi. Hakuna haja ya kubahatisha ufupi huo, maanake umeandikwa pale pale ubavuni. Ukiona 235/40 R18, upana wa tairi ni milimita 235, ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 94, na rimu ni ya inchi 18. Ukiona 205/65 R15, ubavu ni kama milimita 133 na rimu ni ya inchi 15. Sasa shika kalamu ujumlishe rimu pamoja na ubavu wa juu na wa chini. Tairi la kwanza lina kimo cha milimita 645 hivi, la pili 648. Ajabu! Ukiyasimamisha pamoja yanatoshana. Tofauti ni vile kimo hicho kimegawanywa kati ya chuma na mpira.

Haya, zungusha usukani. Magurudumu yakiwa yamenyooka nawe umesimama kando ya gari, unaona duara kamili, na ubavu ni mkanda mweusi unaoizunguka rimu. Likikatwa digrii 30, duara hilo linabanwa likawa kama yai. Kimo kinabaki vile vile, lakini upana unaonekana asilimia 87 tu ya ule wa kwanza. Tuliosoma kosaini darasani hatuna sababu ya kushangaa. Ubavu wa milimita 94, ukiutazama pale pembeni, unaonekana kama 81. Wakati huo huo uso wa tairi unachomoza, na kwa digrii hizo tunaona nusu ya upana wake, yaani milimita 117 hivi. Kwa hivyo tairi lililokuwa jembamba kama utepe, ghafla linaonekana nene na lenye nguvu! Lile la 205/65 halidanganyi hivyo. Ubavu wake unaonekana kama 115 na uso 102, kwa hivyo ubavu bado ndio mkubwa.

Wapiga picha wanaijua siri hii vizuri. Mtu akisimama mbele, kwenye pembe moja ya gari, na magurudumu yaelekezwe mbali naye, rimu humtazama ana kwa ana. Yakielekezwa kwake, uso wa tairi ndio unaomjaa machoni na rimu inajificha. Anayeuza rimu atachagua picha ya kwanza. Anayetaka gari lionekane dume atachagua ya pili. Gari ni lile lile na matairi ni yale yale.

Najua kuna watakaoniuliza, "Kwani ubavu mfupi una ubaya gani?" Sisemi ni mbaya popote. Kwenye lami ubavu mfupi haukunjiki sana gari linapopinda, kwa hivyo gari hutii usukani upesi. Lakini tuwatazame madereva wa mashindano ya dunia, ambayo Safari Rally yetu, iliyoanza mwaka wa 1953, ilirudishwa humo mwaka wa 2021 kule Naivasha. Nambari nilizozitaja hapo juu sikuziokota njiani. Ni za magari yao. Kwenye lami huvaa 235/40 kwa rimu za inchi 18. Kwenye mawe na vumbi huvaa 205/65 kwa rimu za inchi 15. Watu hawa hawakosi pesa wala mafundi, na urembo wangeutaka wangeupata. Wanachagua ubavu mrefu kwa sababu hewa na mpira ulio pale ndio mto wa kupokea pigo la jiwe.

Je, sisi tunakanyaga nini? Njia zetu ni mawe, vumbi na laga. Gari linalotoka hapa kwenda Isiolo hubeba mbuzi wa kuuzwa, na pia mama mjamzito anayekimbizwa hospitali. Jiwe likigonga tairi la ubavu mfupi, rimu iko karibu mno, nayo hupinda. Isitoshe, dereva akikata usukani ndani ya mawe, ubavu hutokeza nje na kukutana na ncha kali, ilhali hauna unene wa uso. Ukipasuka hapo, fundi wa pancha hana la kufanya.

Kwa hivyo nawaomba wenzangu, hasa wale ambao siku moja baba atauza ng'ombe ili familia inunue gari lililoonekana kwenye picha. Mwambieni muuzaji anyooshe magurudumu kabla ya kupiga picha. Someni nambari ubavuni na mpige hesabu. Kisha mwulizeni baba gari hilo litapita njia gani. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini akipewa picha ya gurudumu lililokatwa kona, heri aambiwe hesabu.