Kivu ya Kaskazini: Mkimbizi wa vita aliyepoteza namba za watu hahitaji LinkedIn kwanza

Mwezi wa pili 2025, kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, familia zilibeba magodoro, sufuria na watoto. Wengi walirudi Sake, Masisi ao Rutshuru bila simu: imeuzwa njiani, imeibwa ao imenyang'anywa. Pamoja na simu zilienda namba za wateja, za wanunuzi wa maharagwe, za mjomba wa Bukavu. Seremala asiye na namba za wateja wake ni kama seremala asiye na randa.

Vijana hao wakiitwa kwenye mafunzo wanafundishwa nini? Kufungua ukurasa wa LinkedIn, kuweka picha yenye kravati, kujiita wataalamu. Mtandao huo ni wa bure, na kwa muuguzi ao mhasibu anayetafuta kazi katika mashirika una faida yake. Lakini kuanza nao kwa mtu asiyejua hata namba ya dada yake ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi. Na mega za kuufungua kila siku, nani analipa?

Kinachotakiwa kwanza ni kidogo zaidi. Simu ya Android inaweza kuhifadhi majina kwenye akaunti ya Google, si ndani ya simu wala ndani ya kadi SIM. Simu ikipotea, mtu anapata nyingine, anaingiza anwani yake ya Gmail na neno la siri, majina yanarudi. Hakuna malipo. Basi mwenye kibanda anayelipisha mkimbizi ili amfungulie akaunti hiyo, kisha anabaki na neno la siri, anauza maji ya ziwa kwa mtu aliyesimama ufukweni. Tena mwenye neno la siri ndiye mwenye akaunti.

Kuna mtego ambao wanaofundisha huuruka. Google inaweza kuomba kodi inayotumwa kwa namba ya zamani, na namba hiyo iko kwenye kadi iliyoibwa. Ili kuirudisha, kampuni ya simu inataka kitambulisho. Kadi ya mchaguzi ilibaki kijijini. Hapo mtu amefungiwa nje ya majina yake mwenyewe, na hakuna wa kumlalamikia. Dawa ipo: aliyewasha ulinzi wa hatua mbili anaweza kupata kodi 10 za akiba, kila moja kwa matumizi ya mara moja. Ziandikwe kwenye karatasi na zikae pamoja na kadi za chanjo za watoto, kwa maana hizo mama hazisahau hata usiku wa risasi. Daftari lenye namba kumi za maana pia lina kazi, haliombi umeme.

Tena bure hiyo ina bei yake. Programu nyingi huomba kusoma orodha yote ya namba. Anayekubali hatoi zake tu: anatoa za jirani, za mwanaharakati aliyejificha, za mama aliyemkimbia mume. Katika jimbo ambamo simu ya mtu inaweza kumponza kwenye kizuizi cha barabara, huo si mchezo. Mtu akatae, programu nyingi zitaendelea kufanya kazi.

Na mashirika yanayotangaza kazi kwenye intaneti tu, kisha yanaandika kwamba wakimbizi wanahimizwa kuomba, yanamdanganya nani? Tangazo lisomwe redioni kwa Kiswahili, libandikwe kwenye kituo cha afya, na barua ya mkono ipokelewe kama ile ya barua pepe.

Kwa wanaotafuta ndugu waliopotezana nao, Msalaba Mwekundu hufanya kazi hiyo bila malipo. Anayeomba kamisheni ili kupeleka jina huko asipewe hata faranga moja.