Karatasi Ndani ya Kitabu cha Misa

Wako kati yetu watu wachukiao kila hadithi ya polisi na wauaji. Wakimkuta kijana amekaa na kitabu cha namna hiyo, humwuliza kwa ukali: "Unajifunza kuua?" Na wakisikia ya kuwa katika kitabu fulani mama mmoja anakufa kanisani wakati wa Misa, hasira yao huzidi. Sisi tumekisoma kitabu hicho mpaka mwisho, nasi hatukubaliani nao hata kidogo.

Jina lake kwa Kifaransa ni L'Affaire Saint-Fiacre, nacho kilitoka mwaka 1932. Mtunzi ni Georges Simenon, Mbelgiji aliyezaliwa Liège mwaka 1903, ambaye utotoni alikuwa akitumikia Misa. Katika ujana wake alikuwa karani wa mkabaila mmoja huko Paray-le-Frésil, upande wa Moulins, Ufaransa. Kijiji cha hadithi yake amekifinyanga kwa udongo wa huko.

Polisi wanapata barua isiyo na jina: katika kanisa la Saint-Fiacre, Misa ya kwanza ya Siku ya Wafu, kosa kubwa litatendeka. Komiseri Maigret anakwenda, maana ndiko alikozaliwa. Baba yake alikuwa msimamizi wa mali ya wakubwa wa pale. Anakaa kanisani katika baridi ya alfajiri, macho wazi. Hakuna amsogeleaye bibi mzee, mwenye jumba kubwa. Misa inakwisha, watu wanatoka, bibi haondoki mahali pake. Mganga anamtazama: hana jeraha, moyo tu umesimama.

Na kitabu chake cha Misa hakionekani! Mtoto mtumishi wa altare amekificha, kwa sababu alikuwa akikitamani. Humo ndani mna kipande cha gazeti chenye habari ya uongo, kwamba mwana wa bibi amejiua Paris kwa ajili ya aibu ya mama yake. Bibi alikuwa na ugonjwa wa moyo. Alifungua ili asali, akasoma, akafa.

Wapenda uvumi husema, "Maneno makali hayavunji mfupa." Basi, na wakisome kitabu hiki. Maigret mwenyewe anaona kwamba sheria haina kifungu cha kumshika mwuaji huyu: hakuna kisu, hakuna sumu, kuna karatasi tu.

Lakini silaha hiyo aliipata wapi? Hapo ndipo wengi husoma upesi mno, wakimtafuta mkosaji mmoja. Kijiji kizima kilijua habari za vijana waliokaa jumbani kwa jina la makarani, tena kilijua jinsi mashamba yalivyokuwa yakiuzwa moja moja. Mbele ya bibi walivua kofia; nyuma yake walinong'ona. Mwuaji hakuhitaji kutengeneza kisu. Alikiokota kimekwisha kunolewa na majirani, wale wale waliopiga magoti pamoja naye asubuhi ile.

Tena huo si ugonjwa wa Ufaransa tu. Nani kati yetu hajaona barua isiyo na jina juu ya meza ya padri? Nani hajamwona mama akianguka na kulia kwa habari iliyopita katika simu, kwamba mwanawe amekufa mgodini, na jioni mwana akarudi mzima, mkononi ana mkate? Mwenye kupeleka habari ile alicheka, akasema ni mchezo. Wanaotaka kukiondoa kitabu hiki katika maktaba ya parokia waogopa damu, na damu ndani ya kanisa lile haikumwagika hata tone.

Tuna neno moja la kukilaumu: kuelekea mwisho Maigret anakaa mezani karibu kama mtazamaji, na mwana wa bibi ndiye anayeongoza mambo, bastola ikiwa kati ya sahani. Wasomaji wengine hawakupenda hivyo. Jina la mwenye karatasi hatulitaji. Hakuwa mgeni kijijini.