Ati Hakuna Anayesaidia Bure?

Kuna hoja imezoeleka barazani, Likoni mpaka Kisauni: ati hakuna mtu husaidia bure. Ukimpa ombaomba wa feri shilingi ishirini, umejinunulia raha ya moyo. Ukichanga matanga, umeweka akiba ya matanga yako. Msemaji hujiona mjanja kweli. Mimi naona ametafuta tu kisingizio cha kutotoa.

Sikatai, wa kamera wapo. Unga kilo mbili, video dakika tano, na uso wa mama wa watu ushaanikwa kila mahali. Hiyo ni biashara, tusiiite huruma.

Lakini hebu sikizeni. Mwaka 1981, Daniel Batson na wenzake huko Marekani waliwaonyesha wanafunzi msichana anayeitwa Elaine akipigwa shoti za umeme. Ilikuwa maigizo, ila wao hawakujua. Wengine waliambiwa wakishaona mara mbili wanaweza kwenda zao. Kisha wakaulizwa: utakaa wewe badala yake? Kama huruma ni kukimbia uchungu wako mwenyewe tu, mlango ukiwa wazi si ungetoka? Wengi wa waliomhurumia walikubali kukaa.

Robert Cialdini alipinga: ati watu hao wanatibu huzuni yao wenyewe. Mimi namjibu hivi: kuona raha baada ya kutenda si kutenda kwa ajili ya raha. Ukila ukashiba utapiga mbweu, lakini hukula ili upige mbweu bana!

Septemba 2013, Westgate iliposhambuliwa, Wakenya walipanga foleni kutoa damu. Mtoaji hajui damu yake itamwingia nani, Mkristo au Mwislamu, mbara au mpwani. Hatashukuriwa na aliyeipata. Hapo akiba iko wapi?

Kama ni kuilaumu huruma, mimi nailaumu kwa usahaulifu. Habari zikipoa, foleni huisha, na mama anayevuja damu akijifungua usiku wa kawaida hana kamera wala taarifa ya saa moja. Yeye naye anangoja damu.

Kwa hivyo wewe mjanja wa baraza, panda feri, wa miguu hatulipi. Nenda Coast General utoe damu. Usipige picha, usimwambie mtu. Ukirudi, uniambie ulifaidi nini. Soda na biskuti usizihesabu.