Wacheni kupakua mbinu za watu

Wiki iliyopita, saa sita za usiku, jamaa yangu mmoja wa Langoni alinitumia skrinishoti. Yuko kwenye Football Manager, amechukua klabu ndogo ya daraja la sita Uingereza, amefungwa mechi saba mfululizo, bodi imemwita ofisini. Chini ameandika: "Bro, nitumie mbinu ya kushinda."

Hakusema nimwangalilie amekosea wapi. Alitaka nimtumie tu, kana kwamba mbinu ni ringtone.

Nikamuuliza, beki wako wa kati mwenye mbio kuliko wenzake ana ngapi? "Sijui." Kiungo wako mkabaji, pumzi yake ngapi? "Sijui bro, lakini hii niliyonayo nimeitoa kwa msee wa YouTube, alibeba makombe matatu nayo msimu mmoja." Na timu gani? "Man City."

Haya basi. Hapo ndipo nilipoamua kuandika hii posti, na wa kukasirika akasirike, kwa sababu hayuko peke yake. Karibu kila kijana ninayemjua anayecheza hii gemu, awe na laptopu ya kuazima au anacheza kwa simu, anafanya hivyo hivyo. Anapakua faili ya mtu asiyemjua, anaipachika kwa timu asiyoijua, halafu akifungwa anakuja Mkunguni kutupigia kelele kwamba gemu imeharibika.

Gemu haijaharibika. Wewe hujaifundisha timu yako hata siku moja.

Tuanze na Gegenpress, maana ndio ugonjwa mkuu. Tangu toleo la 2019 gemu inakupa mitindo iliyo tayari: Tiki-Taka, Catenaccio, Route One na mingineyo. Watu wote wanakimbilia Gegenpress, na nawaelewa, Klopp aliifanya ionekane tamu. Unabonyeza mara moja na timu nzima inapanda. Mstari wa mabeki unasogea karibu na kati ya uwanja, kila mtu anamrukia mwenye mpira, na mkiupoteza hamrudi nyuma, mnaupigania pale pale. Ni raha kuitazama.

Sasa fungua ukurasa wa wachezaji wako. Kila kitu kimeandikwa kwa namba, kuanzia 1 mpaka 20. Mtindo huo unataka watu wenye pumzi, wenye bidii ya kukimbia bila mpira, wanaosoma mchezo mapema, na mabeki wa kati wenye kasi, kwa sababu nyuma yao umeacha shamba zima tupu. Tuseme beki wako ana kasi 7. Straika wa wapinzani ana 14. Mpira mmoja wa juu tu, na beki wako anaukimbiza mgongo wa mtu kama abiria aliyeachwa na boti ya Mokowe. Halafu ikifika dakika ya 70 vijana wako wameisha. Daraja hilo wengi ni wachezaji wa muda, wana kazi zao nyingine, mazoezi ni siku chache kwa wiki. Unafungwa mabao mawili ya mwisho, kila wiki, dakika zile zile, na unasema ni bahati mbaya.

Uchungu huu naujua, kwa sababu mimi niliutoa kwenye laptopu nikaupeleka uwanjani.

Timu ya mtaa wetu inacheza kwenye mtanga. (Ndio, mtanga. Sisi Lamu hatusemi mchanga, zoeeni.) Kocha ni mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa mashua, mtu wa maneno machache. Mimi kazi yangu ilikuwa kumsaidia kubeba mipira na chupa za maji, lakini kichwani nilikuwa nimejaa Football Manager. Kabla ya mechi moja ya jioni nikamwambia, "Ami, leo tuwakabe juu kule kwao, wasipumue." Nikamchorea kwa kidole pale chini, mishale kila mahali. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, mtanga huu hautaki mbio." Nikamwambia Ami, huu ndio mpira wa kisasa. Akaniacha. Mpaka leo nadhani aliniacha makusudi.

Dakika ishirini za kwanza tulikuwa moto wa kuotea mbali. Tukapata goli. Mimi nimesimama pembeni, mikono kiunoni, kocha wa Bundesliga kabisa. Ilipofika dakika ya thelathini kiungo wetu, ambaye alikuwa baharini anavua tangu alfajiri, akakaa chini. Msuli umemkaza, hawezi hata kunyoosha mguu. Mtanga unakula miguu, na wapinzani walikuwa wanalijua hilo, walikuwa wanatusubiri tuchoke tu. Tukafungwa 5-1. Vijana hawakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Yule mwenye msuli hakwenda baharini siku mbili. Siku mbili bila kitu mfukoni kwa sababu mimi nilipenda mishale.

Mechi iliyofuata nilinyamaza, nikamtazama Ami anavyofanya. Alimzungukia kila mchezaji akimuuliza mambo yale yale: umelala? umekula? leo umefanya kazi gani? Kumbe ule ndio ukurasa wake wa namba, na yeye hana laptopu. Akapanga wanne nyuma, watano kati, mmoja mbele, wote wakae kwao. Mpira ukipatikana unapelekwa kushoto kwa winga mmoja tu, ambaye siku hiyo ndiye peke yake aliyekuwa na miguu mipya. Tukatoka sare 1-1 na timu iliyotuzidi kila kitu.

Nikarudi kwenye laptopu, nikafuta kila nilichopakua.

Nilichukua klabu ya daraja lile lile la jamaa yangu. Sikugusa mfumo kwanza, niliangalia watu. Nina straika mrefu, kichwa 15, pasi 6. Nina kiungo mmoja mwenye akili nyingi na pasi 13, lakini miguu mizito kama ya punda aliyebebeshwa mawe ya Manda. Beki wa kulia anapiga krosi nzuri. Beki wa kushoto hajui lolote ila kukaba, na kukaba anajua. Ukishaona hivyo, mbinu inaanza kujiandika yenyewe. Nilicheza 4-4-2. Beki wa kulia anapanda, wa kushoto anabaki na wale wawili wa kati, kwa hivyo tukishambulia kuna watatu nyuma kila wakati. Yule mwenye akili nikamshusha chini awe anagawa mipira akiwa amesimama, na mwenzake wa pembeni ndiye akimbie kwa niaba ya wote wawili. Winga wa kulia nikamwambia aingie ndani, kwa sababu akibaki kwenye chaki na beki naye anapanda, mna watu wawili wanagombania kichochoro kimoja, na nyinyi mnajua vichochoro vyetu punda wawili hawapishani.

Mstari wa mabeki nikauweka wa kawaida. Vitufe vingine vyote nikaviacha.

Hili watu hawalielewi: kila kitufe kina bei yake. Ukiongeza tempo, pasi zinapotea. Ukitanua uwanja, kati kunabaki wazi. Ukiwaambia wakabe kila saa, dakika ya 70 utawalipia. Yule jamaa wa skrinishoti alikuwa amewapa wachezaji maagizo kumi na moja. Kumi na moja! Hata mama hakutumi dukani na maagizo kumi na moja.

Mechi tatu za kwanza nilipoteza zote, nasema ukweli. Lakini sikubadilisha mfumo, maana gemu ina mstari unaoonyesha wachezaji wameizoea mbinu kiasi gani, na mstari huo unajaa polepole, kwa wiki nyingi. Ukibadilisha kila Jumamosi hawatazoea chochote mpaka mwisho wa msimu. Nilichofanya ni kurudia kutazama magoli niliyofungwa, moja moja, nikiwa nimeacha kutazama zile sekunde chache za goli peke yake. Manne kati ya sita yalipitia kulia, nyuma ya yule beki wangu anayepanda. Basi nikamsogeza kiungo mkimbiaji awe anaziba pale. Badiliko moja tu. Tulimaliza nafasi ya 9. Sina kombe la kuwaonyesha, na najua nafasi ya 9 haileti views. Lakini niulizeni kwa nini mchezaji yeyote wa timu ile amesimama pale aliposimama, nitawaambia.

Na nyinyi mnaozima gemu bila kuseivu mkifungwa, ili mrudie mechi, Mungu anawaona.

Mtu atasema, "Lakini zile mbinu za kupakua zinashinda." Zingine zinashinda, ndio. Zinashinda kwa sababu mtu amekaa akatafuta tundu kwenye hesabu za gemu, namna fulani ya kupanga watu ambayo kompyuta haijui kuizuia. Watengenezaji wakitoa masahihisho, tundu linazibwa, na wewe unabaki na timu usiyoijua na faili iliyokufa. Hapo unafanya nini? Unapakua nyingine.

Mwingine ataleta Guardiola, kwamba hata yeye amekopa kwa wengi. Kweli, amekopa. Lakini msimu wa 2022/23 alipomtoa John Stones kwenye ubeki akamwingiza kiungo, ni kwa sababu alikuwa na Stones, beki anayeweza kugeuka na mpira katikati ya watu. Wewe unamwingiza beki wako mwenye pasi 5 kati ya uwanja kwa sababu uliona Stones. Leicester walibeba ligi ya Uingereza 2016 na 4-4-2 iliyoitwa ya kizamani, hawakushughulika kumiliki mpira, kwa sababu Ranieri alikuwa na Kanté wa kuuiba na Vardy wa kuukimbilia. Aliangalia alichonacho.

Na kama mnataka mfano wa hapa nyumbani, rudini Agosti 10, 2025, Kasarani, Harambee Stars na Morocco kwenye CHAN. Mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu, hakuna mtu wa kuagizwa kutoka Ulaya. Ryan Ogam akafunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akala kadi nyekundu. Nusu nzima ya pili tukiwa kumi, dhidi ya Morocco ambao ndio hao hao waliokuja kulibeba kombe. Benni McCarthy angeng'ang'ania mpango wa watu kumi na moja tungekula nne. Mechi ya Angola kabla ya hapo pia tulibaki kumi, tukatoka 1-1. Ya Morocco ikaisha 1-0, na sauti yangu haikurudi mpaka Jumanne. Robo fainali Madagascar wakatutoa kwa penalti, na pale hakukuwa na kitufe cha kurudia.

Kuna anayesema nimechukulia hii kitu moyoni sana, ni gemu tu, burudani. Sawa. Lakini nieleze burudani yako iko wapi. Mbinu ni ya mtu mwingine, usajili umefuata orodha ya mtu mwingine, ukifungwa unazima. Umebaki na kazi ya kubonyeza "endelea". Hiyo hata binamu yangu wa miaka minne anaiweza.

Na nitasema lingine linalonikera. Tumezoea sana kwamba akili inakuja na faili kutoka ng'ambo, sisi kazi yetu ni bando. Ligi yetu wenyewe huikuti kwenye orodha ya ligi za kuchagua mle ndani mpaka mashabiki wakae chini waitengeneze, jina kwa jina, ndipo uiongeze. Hiyo pakua, ruhusa kabisa. Kuna mtu amekaa akafikiria wachezaji wetu. Chukua klabu ya nyumbani, isiyo na pesa, uone kama mishale ya Man City itakusaidia.

Jamaa wa Langoni amenijibu leo asubuhi. Hatimaye amefungua ukurasa. Beki wake mwenye mbio kuliko wote ana 6. "Kumbe," ameandika, halafu kimya, nadhani anashusha mstari.

Wengine nyote, nitumieni picha ya mbinu zenu hapa chini, na mnieleze kitu kimoja tu: beki wako wa kushoto anapanda kwa nini? Ukiniambia "msee wa YouTube alisema", nakublock.